Halloween sebuleni Dar: muvi zipi za kutisha zinavumilia kurudiwa

Muvi ya kutisha ikitazamwa mara ya pili huwa imeshapoteza silaha moja, mshtuko. Unajua mlango utafunguka lini na unajua nani kajificha nyuma ya pazia. Kinachobaki hapo ndicho cha kupimia. Zipo ambazo mshtuko ukiondoka hakisalii kitu, na zipo ambazo ndiyo kwanza zinaanza kutisha, kwa sababu sasa unaona yale yaliyokuwa yamewekwa wazi mbele yako tangu dakika ya tano.

Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha ulinganisho huu. Cha pili ni mazingira yetu: je, muvi hiyo inatazamika Dar mwishoni mwa Oktoba, feni inazunguka, madirisha yako wazi, jirani ana sabufa yake, na vuli inaweza kuanza kugonga mabati muda wowote? Siku yenyewe ni tarehe 31 Oktoba, na mwaka 2026 inaangukia Jumamosi. Jua linazama kama saa 12 na robo jioni, na ikifika saa 1 kasoro robo giza limeshakamilika. Muda mzuri wa kuanza ni saa 2 usiku, swala ya Isha imeshapita na barabara imeanza kupoa.

Halloween (1978) au Scream (1996)

Jibu linategemea mko wangapi.

Halloween ya John Carpenter ina dakika 91, na damu yake ni kidogo kuliko sifa zake. Muuaji, Michael Myers, muda mwingi amesimama tu: kando ya ua wa miti, ng'ambo ya barabara, katikati ya nguo zilizoanikwa. Carpenter alitumia fremu pana ya 2.35 kwa 1, na mara nyingi Michael yuko pembeni kabisa mwa fremu au nyuma ya mtu anayeongea. Hapo ndipo runinga nyingi zinapoiua. Runinga yako ina umbo la 16 kwa 9, kwa hiyo muvi hii ni lazima iache mikanda miwili myeusi, juu na chini. Mtu akikerwa na mikanda hiyo akakuza picha kwa rimoti ili ijae kioo, karibu robo ya upana inakatwa, na Michael anaondoka nayo. Mnabaki mnashangaa watu wanaisifia nini. Irudishe picha kwenye ukubwa wake wa asili kabla muvi haijaanza.

Anayeirudia ana mengi ya kuchungulia. Hadithi iko Illinois wakati wa majira ya majani kupukutika, lakini ilipigwa California wakati wa machipuo, kwa hiyo majani yale makavu yalipakwa rangi, yakamwagwa, yakaokotwa, yakamwagwa tena. Tazama nyuma ya nyumba utaona minazi ya mapambo ya California ambayo haina kazi Illinois. Barakoa ya Michael ni ya Kapteni Kirk wa Star Trek, imepakwa rangi nyeupe. Na muziki ule wa piano, alioutunga Carpenter mwenyewe, unakwenda kwa mapigo matano badala ya manne, ndiyo maana haukuachi utulie hata ukiusikia mara ya kumi.

Scream ya Wes Craven ina dakika 111 na watu wanaongea mwanzo mwisho. Drew Barrymore, aliyepewa nafasi kubwa kwenye bango, anauawa kabla robo saa haijaisha. Mara ya pili mchezo unabadilika: kila simu inapolia, hesabu nani yupo chumbani na nani hayupo. Ni muvi ya watu wanane, chipsi kuku katikati, kila mtu anabishana na kioo. Udhaifu wake hapa kwetu ni Kiingereza. Nusu ya utamu ni utani wa haraka kuhusu muvi nyingine, na asiyefuatilia lugha anabaki na visu tu.

Mkiwa wawili au wanne mnaoweza kunyamaza, Halloween. Mkiwa kundi, Scream. Mkitaka zote mbili usiku mmoja, anzeni na Halloween, kwa sababu ndani ya Scream kuna vijana wanaitazama Halloween kwenye runinga, na tukio zima linanoga kwa aliyetoka kuiona. Ukianza saa 2 kamili na kupumzika dakika 20 katikati, mnamaliza kabla ya saa 6.

The Exorcist (1973) au The Conjuring (2013)

Swali la kwanza hapa ni nani yupo nyumbani, kabla hujafika kwenye ipi inatisha zaidi. Kwa watu wengi wa mji huu, pepo kukemewa au kusomewa si jambo la kwenye muvi. Shangazi anayetoka kwenye maombi ya mkesha akikuta binti anatapika kijani na kutukana padri kwenye runinga ya sebuleni, usiku umeishia hapo, na ana haki yake. Uliza kwanza. Kama kuna mtu hataki, hamia Scream bila kubishana.

The Exorcist ya William Friedkin ina nakala mbili zinazozunguka. Ya mwaka 1973 ina dakika 122. Iliyotoka mwaka 2000 ina dakika 132, imeongezwa tukio la binti kushuka ngazi kinyumenyume kama buibui, na sura nyeupe ya shetani inachomoza mara nyingi zaidi. Angalia urefu wa faili kabla hujaanza: ikiandika saa 2 na dakika 12, ni hiyo ya pili. Kwa kurudia, chagua fupi. Ile sura inapopita mara chache tu ndani ya ndoto ya Padri Karras, hata anayejua kwamba ipo huwa anaikosa, na kuisubiri kunatisha. Ikirudiwarudiwa ukutani jikoni inakuwa pambo.

Mara ya pili utagundua kwamba kinachoumiza zaidi ni hospitali: binti amelazwa, sindano shingoni, mashine zinagonga, madaktari hawajui kitu. Chumba cha binti kilipozwa kwa mashine za baridi hadi pumzi za waigizaji zikaonekana, kwa hiyo ule mvuke mdomoni ni wa kweli. Sauti ya pepo ni ya mwigizaji Mercedes McCambridge. Muvi ilipata Oscar ya sauti, na usipoisikia vizuri umekosa nusu yake. Huko mbele tutafika kwenye spika.

The Conjuring ya James Wan, dakika 112, imejengwa kwa mtego. Inakufundisha mchezo wa kujificha na kupiga makofi, halafu inautumia mchezo huo dhidi yako. Mtego ukishakunasa mara moja, mara ya pili unauona unavyotegwa. Kuna raha yake pia, hasa namna kamera inavyozunguka nyumba nzima siku familia inahamia, ikikuonyesha kila mlango utakaokuja kukutesa baadaye. Lakini raha kubwa ni kumtazama mtu ambaye hajaiona. Basi kama yupo mgeni mmoja sebuleni, weka The Conjuring, mkalishe mbele. Kama wote mmeshaziona zote mbili, The Exorcist haina mpinzani.

Get Out (2017) na Us (2019)

Hizi za Jordan Peele ndizo muvi za Kimarekani ambazo mtazamaji wa Dar anaanza akiwa mbele ya Mmarekani. Majina yanapopita mwanzoni mwa Get Out, miti ikikimbia dirishani, kwaya inaimba kwa Kiswahili. Wimbo unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga, umetungwa na Michael Abels, na unamwonya Chris, kijana ambaye hadithi inamfuata, akimbie. Ukumbi wa Marekani ulisikia sauti za kutisha tu. Wewe umeshaambiwa kila kitu kabla hadithi haijaanza. Tatizo ni kwamba wakati huo ndipo watu wanagawana soda. Wanyamazishe, ongeza sauti.

Dakika zake ni 104 na karibu kila moja inalipa ikirudiwa. Mfano ni pale polisi anapotaka kitambulisho cha Chris barabarani, na mpenzi wake Rose anamjia juu. Mara ya kwanza unaona mapenzi. Mara ya pili unajua kwa nini hakutaka jina la Chris liandikwe popote. Watumishi wa nyumba ile nao, maneno yao, mbio zao za usiku, mkono unaogusa nywele mbele ya kioo: hakuna tendo lililowekwa bila sababu. Daniel Kaluuya, aliyemcheza Chris, amezaliwa London na wazazi wa Uganda, na uso wake pale anapozama kwenye kiti huku kijiko kikizunguka ndani ya kikombe unatosha kubeba bango zima. Sauti ya kijiko hicho ni ndogo sana, kwa hiyo feni ya kasi ya tatu inaifunika. Weka ya kwanza.

Us ina dakika 116, ina Lupita Nyong'o akicheza nafasi mbili, na kwa uigizaji peke yake inaizidi Get Out. Ukishaujua mwisho, mtazame Adelaide, yule mama anayechezwa na Lupita, kwenye gari anapopiga vidole kufuatisha wimbo na kukosea mdundo. Utaona alifichua siri mapema. Ila hadithi yake ukiichunguza sana inavuja. Wale pacha wanaoishi chini ya ardhi, nguo walishonewa na nani? Mara ya kwanza hujali, mara ya tatu maswali yanakuzidi. Kama nafasi ni ya moja tu, Get Out.

The Shining (1980) na Hereditary (2018)

Zote ni familia inavunjika, zote ndefu. Tofauti ya maana kwa anayetumia faili la kwenye flashi ni mwanga. Stanley Kubrick, mwongozaji wa The Shining, alijaza mwanga kwenye hoteli yake. Hofu inakuja mchana kweupe, kwenye korido lenye taa zote, kwa hiyo The Shining inavumilia faili dogo na runinga ya zamani. Hereditary ya Ari Aster, dakika 127, inaficha mambo gizani makusudi. Karibu na mwisho kuna mtu yuko juu kwenye kona ya chumba, na picha inakaa pale muda wa kutosha hadi macho yako yamwone yenyewe. Kwa faili la MB 700 giza hilo linageuka miraba ya kijivu na hakuna anayeona kitu. Usiitazame chini ya GB 2, na usiitazame kukiwa na taa ya barazani inayopiga kioo.

The Shining nayo ina nakala mbili: ya Marekani ya dakika 144, na ya dakika 119 ambayo Kubrick mwenyewe aliipunguza kwa ajili ya nchi nyingine. Fupi inakosa, pamoja na mengine, daktari anayekuja kumpima mtoto Danny, na hapo ndipo tunapoambiwa mapema kwamba baba alishamuumiza mtoto. Chukua ndefu. Sikiliza baiskeli ya Danny inapopita kutoka sakafu ya mbao kwenda kwenye zulia na kurudi: kelele, kimya, kelele. Na ofisi ya meneja ina dirisha linaloonyesha nje wakati, kwa ramani ya jengo, nyuma yake kulipaswa kuwa na sehemu nyingine ya jengo. Anayerudia mara ya nne hutazama milango na madirisha tu.

Mazombi, na suala la muvi za kutafsiriwa

Night of the Living Dead ya George Romero, mwaka 1968, dakika 96, nyeusi na nyeupe. Jina lilipobadilishwa kabla ya kutoka, tangazo la hakimiliki lilisahaulika, na kwa sheria ya Marekani muvi ikawa mali ya umma. Ndiyo maana inapatikana bure na halali mtandaoni, na ndiyo maana pia imejaa nakala mbovu, zenye michirizi na sauti ya ndani ya pipa. Tafuta iliyosafishwa upya. Utofauti ni wa usiku na mchana. Duane Jones, mwigizaji mweusi, ndiye stelingi, na waliokulia vibanda umiza wakiamini kwamba stelingi hafi, muvi hii iliwasubiri.

Train to Busan ya Yeon Sang-ho, Korea Kusini, mwaka 2016, dakika 118, ina kasi zaidi na machozi zaidi. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi Juni 2024, ina utani mpya pia: mtu hakosi kuuliza mabehewa yetu yana milango ya namna gani.

Hapa ndipo nakala za kutafsiriwa zinapoingia, zile za ufundi aliouvumisha Lufufu hapa Dar, ambapo msimulizi anapita juu ya sauti ya muvi. Kwa mazombi inafaa kabisa. Train to Busan ni Kikorea, wazee na watoto wakubwa hawatasoma maandishi ya Kiingereza kwa kasi ile, na msimulizi mzuri anaongeza vichekesho palipo na mbio. Kwa Halloween, The Exorcist au The Shining usithubutu. Muvi hizo zinatisha kwa ukimya, na msimulizi halipwi anyamaze.

Nyingine kwa haraka:

| Muvi | Dakika | Inarudiwa kwa sababu gani | Inaharibiwa na nini |
|---|---|---|---|
| Psycho (1960) | 109 | Mazungumzo ya Norman na mgeni wake chumbani, ukishajua | Picha iliyovutwa ijae kioo |
| Alien (1979) | 117 | Meli yenyewe, na subira | Runinga iliyowekwa rangi kali. Weusi wote unakuwa mmoja |
| The Thing (1982) | 109 | Kufuatilia nani ameshageuka na lini | Mtu anayekula |
| The Blair Witch Project (1999) | 81 | Kidogo tu; mshtuko ukiisha imeisha | Projekta kubwa; kamera inatikisika hadi kichefuchefu |
| A Quiet Place (2018) | 90 | Sauti | Dar |

Hiyo ya mwisho si dharau. Muvi inayotegemea unyamavu kamili haiwezi kushindana na bodaboda, feni na mbwa wa mtaa wa pili. Itazame kwa hedifoni, peke yako.

Za kwetu

Mussa Banzi aliwahi kutuletea Nsyuka na Shumileta miaka ya 2000, na anayezikumbuka anajua hofu ya jini wa kike inagusa mahali ambapo Michael Myers hafiki. Kwa ufundi haziwezi kusimama na za Carpenter, na mshtuko wake umezeeka, ila sebuleni zinazaa kitu ambacho muvi ya nje haizai: kila mtu anaanza kusimulia ya kwao, hadi Popobawa wa Zanzibar wa 1995. Nakala nyingi ni za enzi za VCD, picha ya nukta 352 kwa 288. Kwenye runinga ya inchi 55 ni uji. Zitazame kwenye ya inchi 32 au sogeza viti nyuma.

Kinachoharibu usiku, na dawa yake

Lalamiko kubwa kuliko yote ni kwamba maneno hayasikiki halafu mayowe yanaamsha mtaa. Sababu yake kwa kawaida ni sauti ya njia sita kuchezwa kwenye spika mbili. Maneno mengi yako njia ya katikati, na runinga isipoichanganya vizuri yanafifia. Kwenye menyu ya sauti chagua njia mbili, yaani stereo, na kama runinga ina hali ya usiku iwashe. Sabufa punguza besi hadi theluthi, maana besi ya bongofleva inameza minong'ono.

Picha inatoka bila sauti? Faili lina sauti ya DTS, mfumo mmojawapo wa sauti ya sinema, na runinga nyingi mpya haziisomi. Sauti inatoka bila picha? Faili ni la H.265, mfumo mpya wa kubana picha, na runinga ni ya zamani. Faili limekataa kuingia kwenye flashi yenye nafasi? Flashi imepangwa kwa mfumo wa FAT32, haipokei faili moja linalozidi GB 4. Yote haya hutokea saa 2 usiku watu wameshakaa, kwa hiyo jaribu faili mchana, na rukia katikati ya muvi, usijaribu mwanzo tu. Maandishi yanayochelewa zaidi kadiri muvi inavyosonga yametengenezwa kwa nakala ya kasi nyingine. Kuyasogeza hakusaidii, tafuta mengine. Yakichelewa kwa kiwango kilekile, kwenye programu ya VLC ya kompyuta bonyeza G au H hadi yakae sawa.

Anayetumia bando ajue kutazama kwa HD kunakula hadi GB 3 kwa saa. Get Out peke yake inaweza kuzidi GB 5. Pakua kabla.

Umeme nao. Betri ya AH 100 ya volti 12 ina wati-saa 1,200, na ile ya asidi usiitumie zaidi ya nusu. Runinga ya inchi 43 inakula kama wati 70, sabufa 40, feni ya kusimama 50. Ukiondoa kinachopotea kwenye inveta, unapata saa 3 na kidogo: The Shining nzima inaingia, Halloween na Scream kwa pamoja haziingii mpaka uzime feni, na kwa joto la Oktoba hiyo ndiyo hofu yenyewe. Jenereta iwe nje kabisa, mbali na madirisha, kwa ajili ya moshi wake kwanza na kelele baadaye.

Watoto wakiwepo, wape zamu ya kwanza. The Nightmare Before Christmas ina dakika 76. Ukiianza saa 12:40 jioni inaisha dakika chache kabla ya saa 2, wanakwenda kulala, watu wazima wanaanza. Coraline ni nzuri zaidi lakini ina dakika 100, na mama mwenye vifungo badala ya macho si wa kumwonyesha mtoto wa miaka mitano anayelala chumba cha peke yake.